Sabuni ya Doni

Kijiwe chetu kiko Majengo, Dodoma, nyuma ya soko, ukutani kwa banda la video, mahali ambapo jua la alasiri linakata kona na kuacha kivuli cha benchi mbili na nusu. Hiyo nusu ni gogo. Muuza kahawa ni mimi. Mama yangu aliniita Swedi, lakini ukija pale ukamuulizia Swedi utarudishwa ulikotoka, maana kijiweni mimi ni Birika, na kila mtu ana jina lake la kijiweni. Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kwanza: jina la kwenu liache kwenu. Kanuni ya pili, kahawa haipulizwi. Mwenye hamu ya kupuliza akapulize moto. Kanuni ya tatu, hakuna anayekaa kabla hajamshika Mzee Doni mkono kwa mikono miwili na kusema, "Shikamoo Doni." Nchi hii ina vijiwe vingi, nakubali, lakini chenye Doni ni kimoja tu, na ninayemmiminia kahawa ni mimi.

Ninayoyasimulia ni ya mwaka tisini na nne, siku za ruksa. Bidhaa zimerudi madukani, mitumba imejaa mpaka kwenye matawi ya miti, na mwenye deki ya video alikuwa mkubwa wa mtaa. Hiyo kanuni ya tatu tuliipata humo humo kwenye banda. Kuna kijana wa Nkuhungu tunamwita Mkalimani, kazi yake kusimama kando ya televisheni na fimbo na kututafsiria. Kiingereza chake ni cha kukopakopa, Kitaliano hana kabisa, lakini sinema haijawahi kumshinda. Majambazi wa ng'ambo wakikimbia polisi, yeye anawapeleka Kondoa. Wakiviziwa, wanaviziwa Chamwino. Na mkubwa wa genge, yule wanayemwita Doni, alipokaa kwenye kiti, watu wakawa wanapita mmoja mmoja kumbusu pete, Mkalimani akatafsiri, "Shikamoo baba, shikamoo baba." Tukaelewa kwamba hawa watu wana adabu kuliko vijana wetu.

Basi sisi tulikuwa na wa kwetu wa kumwamkia. Mzee Doni, mtoto wa mjini, ukoo wa waliokuja na misafara ya pembe wakabaki. Kila siku kanzu nyeupe, koti la suti juu yake, na kofia ya pama. Miaka ile ya shida, wakati kipande cha sabuni kilipatikana kwa barua, yeye ndiye aliyekuwa akiingiza sabuni mjini. Mwaka themanini na tatu waliposakwa wahujumu uchumi, wakubwa kwa wadogo walibebwa, lakini yeye hakuguswa hata ukucha. Hilo ndilo lililomfanya awe Doni. Na Ijumaa iliyokuwa inakuja, kisa chake kilikuwa kipigwe sinema. Mkalimani alishaazima kamera ya mpiga picha wa harusi, na tangazo la karatasi ngumu limebandikwa hapo ukutani: "INAKUJA! DONI WA DODOMA. ANAYEJUA KISA CHA LORI LA SABUNI AJE KIJIWENI ALASIRI."

Doni mwenyewe aliitaka sinema hiyo kuliko dawa yake ya presha. Hana mtoto wa kiume. Siku moja aliniambia tukiwa wawili tu, "Birika, mtu akifa anasahaulika kabla tanga halijaanuliwa. Mimi nataka nibaki kwenye kaseti." Nikamwambia utabaki, Doni. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Alasiri ya kisa hiki walikuwepo wanne. Doni kwenye kona yake. Mkalimani na daftari la sinema. Mtemi, Mgogo wa Chamwino mwenye bucha sokoni, anayejiita mjukuu wa watawala. Na Profesa, Mhaya wa wizarani, aliyehamishiwa Dodoma yeye huku mafaili yake yamebaki Dar es Salaam, kwa hiyo ana nafasi ya kutosha.

MKALIMANI: Sinema lazima ianze na historia. Mafia ilianzia wapi? Nijazeni hapa.

PROFESA: Twende kitaalamu. Asili yake ni kisiwani, Italia. Wenye mashamba walikaa mjini, wakaajiri walinzi. Walinzi wakagundua kwamba mwenye bunduki ndiye mwenye shamba. Basi.

MTEMI: Kisiwani? Si kipo hapa Rufiji?

PROFESA: Hicho ni kisiwa cha nazi, Mtemi.

MTEMI: Nazi nazo zina ugumu wake. Lakini sikiliza, Profesa. Wewe umesoma, ila umeanzia ukurasa wa nyuma. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora unapita wapi?

DONI: Hapa.

MTEMI: Hapa Ugogo. Na maji yako wapi?

MKALIMANI: Visimani.

MTEMI: Visima vya nani?

Mtemi akiuliza hivyo anataka ajibu mwenyewe.

MTEMI: Vya babu yangu! Sasa huvuki mpaka utoe hongo. Nguo, shanga, waya wa shaba. Ukitoa unapewa maji na mtu wa kukusindikiza mpaka kwa mtemi wa mbele. Usipotoa hupigwi, hutukanwi. Unaachwa na kiu yako muongee. Nionyesheni jambazi wa kwenye video mwenye akili hiyo.

PROFESA: Ule ulikuwa ushuru, bwana. Ushuru wa kupita.

MTEMI: Na kwenye video, mwenye duka anapotoa kila wiki ili duka lisishike moto?

PROFESA: Ule ni unyang'anyi.

MTEMI: Tofauti yake?

PROFESA: Tofauti yake... ni risiti.

DONI: Na babu yangu alipewa risiti gani hapa Ugogo?

Tukacheka mpaka nikamwaga kikombe. Doni anapenda kukaa na Mtemi kwa sababu hiyo, mababu wa mmoja walitoa hongo na mababu wa mwenzake wakapokea, na mpaka leo wanataniana kama jambo la juzi.

DONI: Nyumbani tulifundishwa hivi: Mgogo hakuibii, anakuuzia kiu yako mwenyewe. Lakini ujue, Mtemi, mngemtoza nani kama sisi tusingepita? Bila watu wa misafara hakuna mafia. Tuandikwe wote.

MKALIMANI: Naandika. "Mafia ilianzia Dodoma kwa ushirikiano." Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu muuzie maji.

PROFESA: Mpe jembe!

MKALIMANI: Jembe, maji, vyote vya shambani.

PROFESA: Haya, tuseme ilianzia hapa. Ilifikaje Italia? Ilitembea?

Hapo ndipo nilipojua porojo zimeanza. Mkalimani alisogea mbele ya benchi, akatazama huku na huku utadhani kuna askari.

MKALIMANI: Zabibu za Dodoma zililetwa na nani?

PROFESA: Inasemekana na wamisionari. Wataliano.

MKALIMANI: Wataliano! Sasa Mtaliano aje mpaka huku, atuachie zabibu, halafu arudi kwao mikono mitupu? Mtu na adabu zake? Walichukua hongo, wakapeleka kwao.

PROFESA: Mafia ilikuwepo miaka mingi kabla ya hizo zabibu!

MTEMI: Kwani Mtaliano hawezi kuja mara mbili? Mara ya kwanza alikuja kuangalia mazingira. Kawia ufike.

MKALIMANI: Ushahidi upo. Wale majambazi wanaweka bunduki kwenye nini? Kwenye sanduku la fidla. Fidla ni nini? Ni zeze lililokwenda shule.

MTEMI: Zeze la Kigogo! Hatari! Mimi nilikuwa nashangaa, mbona nikiwaona moyo unadunda kama nipo ngomani nyumbani.

MKALIMANI: Na yale makoti marefu? Na kofia? Kwao hakuna vumbi. Vumbi liko hapa, mwezi wa nane, upepo unakuvua mpaka nia. Mtu aliyebuni yale mavazi alisimama Dodoma.

Doni akagusa ukingo wa pama yake. Hakusema kitu, ila nilimwona amenyooka mgongo. Na mimi, sitaficha, nilijisikia fahari. Mtu anakaa maisha yake yote kwenye mji ambao watu wa pwani wanauita jangwa, halafu anaambiwa dunia nzima imetuiga sisi mpaka kofia. Uongo huo ulikuwa mtamu kuliko kashata zangu.

PROFESA: Sawa, mmeshinda kwa wingi. Lakini Doni ni mafia gani? Kosa lake lilikuwa sabuni. Leo sabuni iko kila kibanda, inauzwa na watoto.

MTEMI: Doni alikosea tarehe tu.

DONI: Sikukosea. Niliwahi.

MKALIMANI: Hilo linaingia! "Sikukosea, niliwahi." Sasa Doni, tupe lori lenyewe, kama lilivyokuwa.

Doni akaomba kikombe cha pili. Kisa hicho tumekisikia mara nyingi, na kila tukikisikia kinanenepa.

DONI: Lori lilikuwa Bedford, bluu, taa moja. Mzigo umetoka mpakani, umepita Arusha, Babati, Kondoa. Madaraja yamekatika, barabara haina jina. Juu magunia ya karanga. Chini, katoni mia tatu za sabuni.

PROFESA: Mwaka jana zilikuwa mia moja na arobaini.

MTEMI: Zimezaa. Haba na haba hujaza lori.

DONI: Nusu tuliishusha hapa Majengo. Nusu ikaenda Kongwa, kufichwa kwenye mabanda mabovu yaliyoachwa na Waingereza mradi wao wa karanga ulipokufa. Mtu wa kupekua sabuni anapekua duka, hapekui makaburi ya matrekta. Hiyo ilikuwa akili yangu.

MTEMI: Mwaka ule harusi zote za Majengo bibi harusi aliogea sabuni ya Doni. Mke wangu shahidi. Mji mzima ulikuwa unanukia.

DONI: Wazazi wodini walifuliwa mashuka kwa sabuni ile. Mjue hilo. Niliuza, ndiyo, lakini kuna niliotoa bure. Siku ya tatu, likiwa na shehena ya mwisho, lori likakamatwa kizuizini, njia ya Kongwa. Dereva ndani, lori ndani, sabuni ndani. Wakaja mjini kumtafuta mwenye mzigo. Wakahoji mtaa mzima. Na mimi nimekaa hapa hapa, kwenye benchi hii, nakunywa kahawa. Wakanipita.

MKALIMANI: Kwa nini walikupita?

DONI: Kanuni. Hakuna aliyekuwa akimjua mwenzake kwa jina. Mpakiaji alikuwa Kobe, mwenye ghala alikuwa Shehe, dereva alikuwa Vumbi, maana kila akifika humjui kama ni mtu au ni udongo. Mimi nilikuwa Mjomba. Mtu hawezi kutaja asichokijua. Mkitaka kujua mafia ni nini, ni hiyo: kufunga midomo kabla haijafunguliwa.

Ndiyo asili ya kanuni yetu ya kwanza. Ilitoka kwenye magendo, ikabaki kijiweni kama mazoea, na tulikuwa tukiionea fahari. Mkalimani aliandika mpaka ulimi ukamtoka nje.

MKALIMANI: Onyesho la mwisho Doni anakunywa kahawa, gari la polisi linampita. Kaseti inaisha. Watu watalia.

PROFESA: Na dereva?

MKALIMANI: Dereva tutampata yeyote. Anaendesha, anakamatwa, hana maneno. Hata sura haihitaji kuonekana, tutampaka vumbi. Asiyekuwepo na lake halipo, Profesa.

Hapo ndipo tulipoamkiwa.

— Shikamooni.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, kitenge safi, kiatu cha kufunika, mkoba wa ngozi wa kubebea madaftari, na chaki kidogo kwenye kidole. Tukaitikia marahaba. Mtemi akasogea kwenye gogo kumpisha kwenye benchi. Mwanamke kukaa kijiweni si jambo la kila siku, lakini huyu alikaa kama mtu aliyealikwa. Na kweli, mkononi alikuwa na tangazo letu jingine, lile tulilobandika stendi.

— Naitwa Flaviana, mwalimu wa shule ya msingi, Kongwa. Nimekuja mjini kufuata vifaa vya shule. Nimeona hili.

MKALIMANI: Karibu, dada! Ila nafasi ya mke wa Doni imeshapata mtu. Ipo ya muuguzi.

FLAVIANA: Sitaki nafasi. Nina swali tu.

DONI: Uliza, mwanangu. Birika, mpe mwalimu kahawa.

Nikammiminia. Akapokea kwa mikono miwili, akaiweka chini bila kuonja.

FLAVIANA: Humu kwenye sinema, yule aliyeendesha lori anaitwa nani?

MKALIMANI: Vumbi.

FLAVIANA: Hilo ni la kazi. Nauliza jina lake.

Mkalimani akafungua daftari, akarudi nyuma ukurasa mmoja, ukurasa wa pili. Rangi ya lori aliiandika. Taa moja aliiandika. Idadi ya katoni aliiandika mara tatu kwa namba tofauti.

MKALIMANI: Mimi wakati ule nilikuwa shule ya msingi, dada.

PROFESA: Mimi nilikuwa Bukoba.

MTEMI: Si alikuwa... Yohana? Au huyo alikuwa yule wa mkaa? Alikuwa mrefu, namkumbuka. Alipenda mapupu. Jina... ngoja.

Akangoja yeye mwenyewe, halikuja. Wakanigeukia mimi. Na mimi, enyi mnaosoma, nilikuwepo. Nilikuwa na birika hii hii. Nilimmiminia yule mtu kahawa asubuhi ngapi akitoka safari, nikamchekea, nikampa kashata ya nyongeza, na sijawahi kumuuliza anaitwa nani. Niliinamia makaa yangu nikayachochea, na hayakuhitaji kuchochewa.

Akabaki Doni. Tulikuwa na imani naye. Doni hashindwi.

DONI: Mwalimu, kanuni ilikuwa hatuulizani majina. Kwa usalama wa wote.

FLAVIANA: Ninyi ndio hamkuulizana. Yeye alikuwa na la kwako.

DONI: La kwangu? La Mjomba?

FLAVIANA: Mustapha Kudra Abdulrazaki. Nyumba ya mlango wa kijani, ya tatu kutoka msikitini. Mama yako Bi Shamimu, Mungu amrehemu, mguu ukimsumbua kila mvua. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea sabuni zile ulizotoa bure. Siku ya kwanza kabla ya kumkaribisha uji, Bi Shamimu alimuuliza, "Mwanangu, wewe nani na watu wako ni akina nani?" Baba akajibu, naye Bi Shamimu akamtajia jina la mwanawe na alikomzalia. Wakawa wanajuana.

Pama ya Doni ilikuwa magotini sasa. Sikuona alipoivua.

FLAVIANA: Alihojiwa siku kumi na tisa. Swali lilikuwa moja, mwenye mzigo ni nani. Akasema hamjui. Akafungwa miaka miwili. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikabaki na mama tunalima. Aliporudi nikamuuliza, baba, ulikuwa unamjua? Akasema namjua mpaka mama yake. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Nilikula kwao."

Sokoni nyuma yetu walikuwa wakigombania nyanya, tukawa tunasikia kila neno.

FLAVIANA: Msinielewe vibaya, wazee wangu. Sijaja kulia. Nyumbani hatulii kwa jambo hilo. Baba yangu analima karanga, hana lori, hana duka, lakini akipita njiani natembea nyuma yake nimeinua kichwa. Najivunia yeye mno. Nilipoliona tangazo hili nilifurahi. Nikasema, safari hii watamtaja. Nikaja kusikia tu mtamtaja vipi.

MKALIMANI: Dada, tuambie sasa hivi. Nakuapia, jina lake nitaliandika mwanzo kabisa, herufi kubwa, kabla hata ya Doni.

Flaviana akamtazama, tena kwa upole, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu lakini amejitahidi.

FLAVIANA: Yeye hakuwataja ninyi akiwa kifungoni. Mimi nitamtajaje kwenu, mmekaa kivulini mnakunywa kahawa? Jina ni lake. Anayelitaka amfuate yeye. Yupo, mzima, macho tu yameanza kuchoka. Ila mkifika Kongwa msiulizie Vumbi. Hakuna anayemjua mtu huyo.

Akasimama. Akamgeukia Doni, akapiga goti kidogo kama binti wa watu.

FLAVIANA: Shikamoo, Mzee Mustapha. Baba alisema nikikuona nikusalimie.

Doni alifungua mdomo. Watu wote wa mji huu wamempa shikamoo na marahaba yake huwa inatoka kabla hujamaliza. Ile ya Flaviana ilichelewa mpaka yeye ameshachukua mkoba wake, ameshapinda kona ya banda. Alipoitikia alikuwa anauitikia ukuta.

Tukabaki. Tangazo lake la stendi aliliacha kwenye benchi, Mtemi akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

MTEMI: Mimi na hongo yangu... Yule mtu kalipa hongo ya mtaa mzima.

PROFESA: Bila risiti.

Hakuna aliyecheka. Hata Profesa mwenyewe hakuwa amekusudia tucheke.

MKALIMANI: Sasa Ijumaa tunapiga nini?

Mtemi akanyoosha kikombe. Nikainamisha birika, likatoa tone moja na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha na sikuwa nimeona ilipoishia. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu hupangusa suruali na kwenda zake. Siku hiyo hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wanamtazama Doni, na Doni alikuwa anakitazama kile kikombe cha mwalimu pale chini, kimejaa, hakijaguswa.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine kinanifurukuta kifuani, na nilikaa muda mpaka nikakitambua. Ilikuwa fahari ile ile ya mchana, ya zeze na pama na visima vya Ugogo, ila sasa ilikuwa imeacha uongo na kumpata mtu. Kumbe mji wetu ulikuwa umemtoa. Alikaa kwenye benchi yangu, akala kashata yangu, akaondoka hana jina.

Mzee akavaa pama yake, akaivua, akaiweka kwenye benchi mahali pake.

— Swedi, akaniita.

Nilishtuka mpaka koleo likaniponyoka. Miaka kumi na moja sijaitwa jina hilo pale. Sikujua hata kama analijua.

— Naam, Mzee Mustapha.

— Basi la kwanza la Kongwa linaondoka saa ngapi?

— Saa kumi na mbili asubuhi.

— Niamshe, akasema. Nisije nikachelewa tena.